Pini ya Mashine ya Kuni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Hata sasa ninapokusimulia naona miguu inataka kuinuka. Nivumilie.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa kuchomelea katika karakana ya Mzee Kunambi, pale Mwembesongo. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Alikuwa akipitisha kidole juu ya chuma nilichokichomelea, na akinyamaza nilijua kazi imefaa.

Mwaka ule tulipata kazi ya kutengeneza mashine ya kupasulia magogo, kwa ajili ya jiko la bweni moja la wasichana huko milimani, upande wa Mgeta. Kuni zao zote zilipasuliwa kwa shoka na mpishi wao, Mama Veneranda, ambaye mgongo ulishaanza kumgomea. Mzee alipata silinda ya tipa bovu, na akanieleza kazi yake. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye paipu, mafuta yanaisukuma fimbo ya silinda, na mbele ya fimbo kuna kabari ya chuma inayoingia kwenye gogo. Silinda yote inalala juu ya boriti ya chuma.

"Rajabu," aliniambia, "mgongoni mwa silinda usichomelee. Toboa tundu kwenye bamba la boriti, tia pini. Mkaratusi wa kule juu nyuzi zake zimejisokota. Kabari itasukumwa kando, na silinda lazima ipate pa kuchezea. Chuma usichokiachia nafasi kitajitafutia chenyewe."

Kisha akapata habari ya msiba, akapanda basi kwenda Kisaki.

Niliachwa na mashine na haraka zangu. Bamba la kutobolewa lilikuwa nene, drili yetu ilikuwa butu, na gari la bweni lilikuwa linakuja Ijumaa asubuhi. Alhamisi mchana nilitoboa kidogo, nikachoka, nikasema moyoni: kuchomelea nako si kushika? Nikaichomelea silinda ikashikamana na boriti kama pacha. Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani. Tukaijaribu kwa gogo la mwembe, laini, lililonyooka, likapasuka kama muhogo uliochemka. Majirani wakapiga makofi. Na mimi, mwanangu, nikazipokea sifa.

Gari lilipoondoka tu, utulivu ukaondoka nalo.

Jumamosi sikula. Jumapili nilitembea kwa miguu hadi Mazimbu na kurudi, bila shughuli yoyote. Kila injini niliyoisikia barabarani niliisikia kama ile yetu inalalamika. Jumatatu jioni Mzee alirudi, na Jumanne asubuhi, kabla hajamaliza chai yake, akaniuliza, "Ile pini uliweka ya unene gani?"

"Ya kutosha, Mzee."

Akaniangalia kidogo, akaendelea na chai. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mimi wakati ule niliona methali ni za watu wengine.

Jumatano alfajiri nilishindwa. Nikadandia pikapu iliyokuwa ikipanda kuchukua kabichi, nikiwa na spana na vijiti vya kuchomelea kwenye mfuko. Nia yangu haikuwa njema bado, nisikudanganye. Nilitaka nirekebishe kimyakimya, nishuke, asijue mtu.

Nilikuta mashine imezimwa. Pale nilipochomelea palikuwa na ufa. Silinda ilikuwa ikiruka kila inaposukuma, na katika kuruka kwake iliusugua mpira wa paipu kwenye ukingo wa boriti hadi ukatoboka, tundu dogo kuliko la sindano. Mama Veneranda alikuwa jikoni, anakoroga maharage kwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia alikuwa amekifunga kitambaa.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye fundi wa mashine."

"Marahaba, baba. Umekuja vizuri, mashine yako inavuja."

"Na kidole?"

"Aa, mwiba tu. Jana asubuhi niliona mafuta yanadondoka, nikapapasa paipu nijue yanatokea wapi, kikanichoma kitu. Hata damu haikutoka."

Nikautua mfuko chini. Wiki yangu ya kwanza karakanani Mzee alinionya: mafuta yanayosukumwa kwa nguvu yakipata upenyo hupenya ngozi kama risasi. Jeraha huonekana si kitu, kumbe ndani nyama inaoza. Alimjua dereva wa trekta aliyepoteza mkono hivyo hivyo.

"Mama, twende hospitali. Sasa hivi."

Akacheka. "Kwa mwiba? Na wasichana wale nini?"

Nilimsihi, akaendelea kukoroga. Nikaona wazi kwamba hataondoka kwa maneno ya nusu. Ilibidi nichague kati ya jina langu na mkono wake.

"Si mwiba, mama. Ni mafuta, yameingia mwilini. Na kosa ni langu. Niliambiwa niweke pini, nikachomelea kwa haraka, nikaficha kwa rangi."

Mwiko ukasimama. Akafungua kile kitambaa. Kidole kilikuwa kimevimba, cheupe kama nta, na wekundu umeshapanda kiganjani. Alimwita mwenzake ashike mwiko, akajifunga kanga, tukashuka na pikapu ile ile, tumekaa juu ya kabichi. Kila kona alikuwa akiushika mkono wake kifuani, na mimi nikitamani ile milima ingelala chini tupite.

Mkono uliokolewa. Kidole kilikatwa. Daktari alisema, bila kujua anamwambia nani, "Mngemleta jana, labda tungekiokoa."

Jana. Siku ile niliyosema "ya kutosha, Mzee."

Mzee Kunambi alikuja hospitalini mwenyewe. Nilimweleza yote kwenye baraza. Hakupaza sauti. "Kuchomelea vibaya ni ujinga," alisema, "nao ujinga nitakufundisha ukaisha. Lakini nilikuuliza, ukanijibu. Hilo utajifundisha mwenyewe."

Nilimwendea Mama Veneranda kitandani kumwomba radhi. Akanikatiza. "Radhi nitakupa, lakini si kwa mdomo tu. Nenda kaitengeneze hiyo mashine mpaka mimi mwenye vidole tisa niweze kuishika bila hofu."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitoboa lile bamba siku mbili, nikatia pini. Paipu nikaipitisha mbali na ukingo, nikaivika ala ya ngozi. Siku ya kuiwasha, mama alinisimamisha mimi kwenye kabari, yeye akasimama pembeni na kutazama hadi gogo la kumi. Ndipo akaniambia, "Haya, sogea." Akashika usukani wa kazi yake. Mashine ile ilipasua kuni miaka mingi. Pini tulibadilisha, sili za mpira za kuzuia mafuta tulibadilisha, boriti haikupata ufa tena.

Sasa nisikilize, mwanangu. Unapounda kitu, jiulize kitaumia wapi, na hapo weka kipande kinachobadilika, ili kikilika hicho, kingine kisalie. Usikijaribu kwa gogo laini, kijaribu kwa lile gumu litakalokipata huko kiendako. Rangi iwe ya kuzuia kutu, isiwe ya kuzuia macho. Na ukikosea, sema siku ile ile. Kosa lililosemwa leo lina dawa, likingoja kesho huenda likadai kidole cha mtu asiye na hatia. Moyo ukikukatalia kukaa, usiubembeleze, inuka uende ulikokosea.

Mungu aibariki mikono yako, aijalie subira kwenye chuma na ukweli kwenye ulimi. Kila atakayetumia kazi yako arudi nyumbani mzima, na akikutaja, akutaje kwa heri. Amina.