Zawadi Iliyofungwa Kamba

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa kwangu nusura anizike! Mjomba alitoka Kongo kuja kunitembelea Mengo, Uganda, na kabla hata sijamwonyesha pa kunawia akataka nimpeleke kwa mwenye nyumba akamshukuru. Mzee yule alinipa vyumba viwili nilipokimbia vita, wakati wengine wakisikia tu lafudhi yangu walifunga mlango. Mjomba alikuwa na gunia. Nilidhani ni muhogo, mjinga mimi.

Akalifungua katikati ya sebule ya mzee. Kakakuona! Mzima, kajikunja duara, kafungwa kamba kichwa mpaka mkia.

"Kwetu nyama hii ni ya wakubwa," mjomba akasema, ameinama kwa heshima zote.

Banange! Nilitamani sakafu inimeze. Kwa Waganda kila ukoo una mnyama wake wa mwiko: hawamli, hawamdhuru, wanamwita ndugu. Ukoo wa mzee yule ni wa kakakuona, na picha ya mnyama wao imetundikwa juu ya mlango tuliopitia. Na hata ukiacha mambo ya ukoo, kukutwa na mnyama huyo hapa Uganda ni jela. Nikaona tayari mjomba ametiwa pingu, nami niko barabarani na vitenge vyangu.

Mzee hakupiga kelele. Heri angepiga. Alichukua simu, akawaita watu wa wanyamapori, akaketi. Nikapiga magoti.

"Jjajja, babu yangu, msamehe, hakujua! Nilaumu mimi."

Hakunitazama. Alimtazama mjomba.

"Wewe mutu mukubwa," akasema, "mutu analeta ndugu yako na kamba hivi, utasema asante?"

Hakujua alichokigusa. Mwana pekee wa mjomba, binamu yangu niliyelelewa naye, alichukuliwa na wenye bunduki. Mara ya mwisho tulimwona akisukumwa kuelekea msituni, mikono imefungwa nyuma.

Mjomba akapiga magoti kando yangu. Akaanza kufungua mafundo, na pale palipokaza akatumia meno. Gari likasimama nje. Nikamnong'oneza kwa hasira atoke mlango wa nyuma, akimbie, jamani! Wapi! Hakunisikia.

Askari wawili wa wanyamapori wakaingia. "Nani amemleta huyu?"

Roho yangu ilikuwa mkononi. Mzee yule ni mtu wa kanisa, uongo hajauzoea.

"Amekuja kwa ndugu yake," akasema. "Huyu mugeni yangu ndiyo amemufungua."

Askari wakatazamana. Kisha mmoja akamnyanyua kakakuona taratibu, akamweka ndani ya sanduku la mbao. Mjomba alibaki sakafuni na kamba mkononi.

"Mtamrudisha kwao?" akauliza.

"Akipata nguvu, ndiyo."

"Basi vizuri," mjomba akasema. "Mwanangu hakupata wa kumfungua."

Mzee akasogea kwenye kochi, akampisha akae.