Dija kwa Samia

Mwaija Bwanausi anauza chakula cha kuku Mapinga, jirani na kijiwe cha bodaboda. Wateja wake wengi ni watu wa mjini waliohamia kwenye viwanja vipya. Wanafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, kisha wanakuja dukani kuuliza kwa nini kuku hawatagi. Mwaija huwajibu taratibu. Baada ya sala ya alasiri hufunga duka na kwenda uwanjani, maana ndiye kocha wa Nyota ya Mapinga, timu ya wasichana.

Ukocha hakuutafuta. Mwalimu wa shule aliyeianzisha timu alihamishiwa Miono, akamwachia Mwaija mipira na filimbi kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapikia wachezaji uji siku za mechi na hakuwa akikosa. Mwaija alidhani atashika kwa muda mpaka apatikane mtu. Hakupatikana mtu, na baadaye akaanza kukereka kila aliposikia kwamba bado anatafutwa kocha.

Mchezaji aliyetegemewa kuliko wote alikuwa Dija, beki wa kati. Dija alikuwa fundi cherehani, mfupi, mwenye mabega mapana, asiye na mbio wala mbwembwe. Alichokuwa nacho ni kujua mpira utaangukia wapi. Washambuliaji walimaliza mechi bila kuchezewa rafu hata moja, na bila kupiga shuti hata moja. Yeye na Mwaija walikuwa majirani, na Mwaija alimfahamu tangu akiwa mtoto wa chuoni anayebeba msahafu kichwani.

Mwaka juzi timu ilikwenda Ubena kucheza mechi ya kirafiki. Nyota walikuwa wakiongoza kwa bao moja na mchezo umeshapoa, ndipo kocha wa Ubena, bwana mmoja mnene aitwaye Issa, alipomwingiza msichana mrefu, mwembamba, aliyekuwa amekaa benchi muda wote akichuma majani. Jina lake Samia. Mpira wa kwanza kumfikia ulikuwa wa juu, mbaya. Akautuliza kifuani huku goli likiwa nyuma yake, akageuka, akapita katikati ya Dija na nahodha Hajra kana kwamba pale palikuwa na njia, akapiga. Mpira ukagonga mwamba. Baada ya hapo hakufanya chochote. Alisimama pembeni, mikono kiunoni, mpaka filimbi ya mwisho.

Mwaija hakuwahi kumwona Dija akipitwa namna ile. Walipokuwa wakinywa chai na Issa, aliuliza.

"Yule binti mbona humchezeshi?"

"Samia? Ana kipaji, sikatai," Issa akasema. "Ila si mtu wa kumtegemea. Kajifunza mpira na wavulana kwenye maegesho ya malori, anacheza akijisikia. Hajawahi kumaliza mechi nzima."

"Ana umri gani?"

"Kumi na tisa." Issa akakoroga chai yake. "Unamtaka? Nipe yule beki wako mfupi. Mke wangu ana duka la ushonaji pale barabarani, anatafuta fundi. Kazi ipo, chumba kipo."

Mwaija alicheka, akabadili mazungumzo. Lakini siku zilizofuata, akipima pumba dukani, alijikuta akiuona ule mpira ukitulizwa kifuani. Akiwa na Dija, Nyota hawakufungwa sana, na hawakushinda sana. Kila msimu walimaliza katikati, wakapongezwa kwa nidhamu. Alikuwa amechoka kupongezwa kwa nidhamu.

Alimwambia mumewe, Bilali, anayefyatua matofali.

"Wewe unataka kuondoa nguzo uweke pazia," Bilali akasema.

"Pazia gani?"

"Zuri. Lakini pazia."

Hata hivyo Mwaija alimpigia Issa simu, wakakubaliana. Kisha akaenda kwa Dija, akamkuta kwenye cherehani.

"Dija, nimezungumza na Issa wa Ubena. Anakuhitaji kwenye timu. Na kazi ya kushona ipo, tena nzuri kuliko ya hapa."

Dija hakuinua mguu mpaka alipomaliza mshono aliokuwa nao.

"Na huku anakuja nani?"

"Samia."

"Yule aliyenipita."

"Ndiyo."

"Mimi nimekukosea nini, kocha?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi sawa," Dija akasema, akachukua kitambaa kingine. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshahama.

Samia alifikia nyumbani kwa Mwaija, akalala chumba kimoja na binti yake, Naila. Alikuwa na adabu. Alimwamkia kila mtu mzima aliyepita, alifagia uwanja wa nyumba bila kuambiwa. Kwenye mazoezi wenzake walikuwa wakisimama kumtazama. Kwenye mechi hakuonekana. Mwaija alimpanga winga wa kushoto, na kule kushoto alikaa kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Akipoteza mpira, hakuufuata. Nyuma nako, pasipo Dija, mabao yakaanza kuingia.

Walipofungwa mara ya tatu mfululizo, Hajra alimfuata Mwaija dukani.

"Kocha, sisi tunacheza kumi," akasema.

"Nimesikia."

"Mpumzishe hata mechi moja."

"Nimesikia, Hajra."

Hakumpumzisha. Alijiambia kwamba kipaji kinahitaji muda. Lakini alijua pia kwamba siku atakapomweka benchi, kila mtu Mapinga atasema alimtoa Dija bure. Mambo hayo mawili alishindwa kuyatenganisha.

Katikati ya msimu wakaenda tena Ubena, safari hii kwenye mechi ya ligi. Dija alikuwa upande wa pili, amefunga kilemba cha rangi ya timu yake mpya, kitambaa cha unahodha mkononi. Kipindi cha kwanza chote Samia hakugusa mpira wa maana. Kila alipoelekea, Dija alikuwa ameshafika, hana haraka, anausogeza mpira kando kwa mguu kama mtu anayeondoa kiatu mlangoni.

Wakati wa mapumziko Mwaija alishaamua kumtoa. Aliyekuwa aingie badala yake alikuwa anafunga kamba za viatu. Samia akamsogelea.

"Kocha, Dija anajua napita wapi. Nikianza tu, yeye keshafika."

"Kwa hiyo?"

"Niweke nyuma, pale kati. Nipokee mpira nikiwa natazama mbele. Nitampa Lulu pale mbele."

Tangu afike Mapinga hakuwahi kuzungumzia kumpa mtu mpira. Mwaija alimtazama, kisha akamwambia yule wa benchi akae.

Kipindi cha pili Dija alipata tabu. Akitoka kumfuata Samia, aliacha nafasi nyuma yake. Asipotoka, Samia aliinua kichwa na kuchagua. Dija alitoka mara moja zaidi ya alivyopaswa. Mpira ukapita pembeni yake, chini, polepole, ukamkuta Lulu yuko peke yake na kipa. Bao. Karibu na mwisho Ubena wakapata kona. Dija akapanda, akaruka juu ya Hajra, akafunga kwa kichwa. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja.

Dija aliwakumbatia wenzake wa zamani mmoja mmoja. Alipofika kwa Mwaija alisimama.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. U mzima?"

"Alhamdulillahi."

Akaenda kuvua viatu.

Msimu ule Ubena walimaliza juu ya Nyota, na Issa alipiga simu kumkumbusha Mwaija jambo hilo. Msimu uliofuata Samia alicheza kiungo, akamaliza mechi nzima, ingawa zipo siku alizosimama tena mikono kiunoni na Hajra akamfokea mbele ya watu. Nyota wakashika nafasi ya pili. Wateja dukani wakawa wanaulizia mpira kabla ya kuku. Walisema Mwaija aliona mbali. Hakuwabishia, lakini alijua kwamba alimpanga pasipo pake nusu msimu, na aliyepaona mahali pake ni Samia mwenyewe.

Dija hakuumaliza msimu huo. Aliolewa Ubena na mwanamume aitwaye Feisal, akapata ujauzito, akaacha mpira. Mwaija aliposikia amejifungua, alichukua vitenge viwili na kuku wawili, akaenda kumpongeza. Walizungumza habari za Mapinga, nani kauza kiwanja, nani kahama. Kisha Dija akasema, akimtazama mtoto:

"Ungeniuliza kama nataka."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi ndiyo maana."

Mtoto akaanza kulia. Dija akamweka begani, akampigapiga mgongoni mpaka akatulia.

"Ningekataa," akasema tena, "halafu ningekwenda. Kazi ya kushona huku ni nzuri kweli."

Dija akamwambia Mwaija ajimiminie chai, chupa iko pale mezani, yeye mikono imejaa.