Bendera ya Baba Mkwe

Mume wangu na rafiki zake wawili wanaugua ugonjwa mmoja, ugonjwa wa mambo ya jeshi ya zamani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika bunduki, na panya akipita wanapanda juu ya viti. Lakini kila Jumapili baada ya misa walikuwa wanajaa katika sebule yetu hapa Bagira, wanaongea juu ya vita mpaka bugali inapoa. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko dirishani katika chumba hicho hicho, kwa hiyo nilisikia yote, nipende nisipende.

Mume wangu ni mtu wa mifano. Makopo ya sardini, kandambili zilizokatika, nyaya za simu, vyote mikononi mwake vinageuka kuwa jeep na vifaru, na ole wako ukipangusa vumbi ukavunja mtutu. Rafiki wa kwanza, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ni mtu wa bendera. Wa pili ni fundi saa katika soko la Kadutu, na yeye ni mtu wa medali. Fundi huyu ana sheria yake: kitu cha makumbusho hakitumiwi. Alikuwa na filimbi ya shaba ya jeshi aliyoifunga katika kitambaa cha flaneli, na tangu aipate hakuwahi kuitia mdomoni.

"Ukiipuliza," alisema, "inabaki filimbi tu."

Nilitaka kumwambia kwamba ni filimbi tu hata bila kuipuliza, lakini alikuwa mgeni wangu, nikaendelea kushona.

Mtu asifikiri niliwachukia. Nilinung'unika sana, hilo sikatai, lakini niliwapenda. Katika mji huu ambao umechoshwa na wenye bunduki, wao waliongea habari za jeshi bila kumtisha mtu yeyote, na alichojua mmoja aliwapa wenzake bila choyo. Mwalimu alimfundisha mume wangu kupaka nyota ndogo kwenye mlango wa jeep kwa njiti ya kiberiti. Fundi saa alitufundisha kwamba medali husomwa kwanza kwa utepe wake, chuma baadaye. Mimi nikarekebisha tepe zake kuukuu zilizoliwa na nondo, na siku moja nilijikuta nikimweleza mteja aliyekuja kupimwa gauni tofauti ya utepe wa ushujaa na ule wa utumishi mrefu. Mteja alinitazama kwa huruma.

Hazina yao kubwa ilikuwa baba mkwe wangu, ambaye tuliishi naye. Yeye alikuwa askari wa kweli. Aliingia jeshini kijana wakati wa Wabelgiji, akatoka mzee mwenye cheo cha ajida, na katikati hapo nchi ilikuwa imebadilisha jina na bendera mara nyingi. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, blanketi magotini, akiota jua. Wakimuuliza jeep za enzi zake zilikuwa na magurudumu ya aina gani, aliwajibu kwamba viti vya jeep vilichoma mapaja.

Kisha akaanza kudhoofika, na daktari akatuambia tumrudishe tu nyumbani. Jumapili iliyofuata, mbele yetu sote, alimwita mwanawe.

"Munizike kama askari," alisema. "Sitaki kuzikwa kama mutu mwenye alipita tu njia."

Mume wangu alikwenda kambi ya jeshi kuomba bendera ya kufunika sanduku siku itakapofika. Wakamuomba karatasi za utumishi za baba yake, na karatasi hizo zilipotea zamani, mwaka tuliokimbia vita na kurudi tukikuta nyumba haina hata mlango. Alirudi kichwa chini. Mwalimu akasema tutaishona wenyewe, na wote watatu wakageuka kutazama cherehani yangu.

Kuishona haikuwa taabu. Taabu ilikuwa ni bendera gani.

Mwalimu alitaka ile ya buluu nzito yenye nyota moja katikati, kwa sababu chini ya hiyo ndipo mzee alikula kiapo.

"Bendera ya Wabelgiji? Juu ya papa yangu?" Mume wangu alisimama kabisa. Yeye alitaka ile ya kijani yenye mkono na mwenge, kwa sababu chini yake baba yake alipata cheo.

Fundi saa alisema mtu huzikwa na bendera ya siku aliyokufa, basi ni hii ya leo, ya buluu ya anga na mstari mwekundu. Mwalimu akakumbusha kwamba kulikuwa pia na ile ya nyota sita ndogo upande wa mlingoti. Hapo wakaanza upya.

Nilikata kitambaa cha buluu, nikaambiwa kimepauka. Nilifua kile cha kijani ili kirudi na kupungua kabla ya kukatwa, nikakianika na duara lake la njano pembeni, na jirani akachungulia juu ya ua.

"Maman, ile serikali imerudi?"

Jumapili zikapita hivyo. Mzee alizidi kukonda, sauti yake ikawa ndogo, na wao wakapunguza sauti zao kwa heshima, wakabishana kwa kunong'ona juu ya sanduku la mtu aliyekaa pale pale mlangoni. Hakuna aliyemuuliza. Kwetu humuulizi mtu aliye hai habari za sanduku lake. Na mimi, mke wa mwanawe, ndiyo kabisa; nilivyolelewa, mkwe hata kumtazama mzee usoni anaona haya.

Lakini mimi nina hasira za karibu, na mkasi ulikuwa mezani, na vitambaa vilikuwa vimejaa kiti changu. Mchana mmoja tulipokuwa wawili tu nyumbani, nilimpelekea uji, nikapiga magoti, nikatazama sakafu.

"Papa, munisamehe. Bale banaume banagombana juu ya bendera yenu. Munataka gani?"

Nilidhani atanifukuza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Maman, zote niliipandisha mimi. Zote niliishusha mimi. Kule kambini ile njo ilikuwa kazi yangu, asubuhi na mangaribi. Ile ni nguo tu. Inachakaa, banaleta ingine." Alipumzika kidogo. "Kitu nilikuwa napenda ni filimbi. Filimbi inalia, batu bote banasimama. Mama na beseni yake, mukubwa na gari yake. Hakuna mwenye anauliza ni juu ya nani. Ile siku yangu, batu basimame kidogo. Njo ile tu."

Nililia palepale, uji mkononi, bila aibu yoyote.

Kila mtu wa nchi hii anaijua filimbi hiyo. Bendera ikipanda asubuhi au ikishuka jioni, filimbi inalia na unasimama ulipo, hata kama una mzigo kichwani na mvua inakuja. Husogei mpaka ilie ya pili. Wale watatu waliijua kuliko sisi wote. Nilipowaambia maneno ya mzee, mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na mume wangu akaenda nje. Hakuna aliyetaja bendera tena. Mzee alifariki wiki ileile, asubuhi, usingizini.

Siku ya mazishi sanduku lilitoka nyumbani likiwa na msalaba na berete yake, bila kitambaa chochote. Wapwa walilibeba kuelekea barabara kubwa, lilikosubiri lori. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka mjini: pikipiki zinapiga honi, taxi-bus inashusha abiria, mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anaita wateja. Tulikuwa kilio kimoja kidogo katikati ya kelele zile, na niliona uchungu kwamba atapita hivi hivi, jinsi alivyoogopa.

Fundi saa akatoa flaneli mfukoni, akaifungua. Nilidhani anataka tu filimbi iwepo. Akaitia mdomoni, akapuliza.

Pikipiki zilisimama. Taxi-bus ikasimama, mlango wazi, mtu mmoja mguu chini mguu ndani. Mama wa sambaza akashika beseni lake kichwani, akanyooka. Hakuna aliyeona bendera, na hakuna aliyeuliza. Mwalimu na mume wangu walisimama wima kama wanajeshi, vibaya, matumbo mbele, machozi yakitiririka. Sanduku likapita katikati yao wote.

Filimbi ya pili ndiyo inayowaruhusu watu kuendelea. Fundi saa alijaribu, lakini alikuwa analia kwa kwikwi na filimbi haikutoa kitu. Barabara nzima ikasubiri. Niliichukua mkononi mwake, nikaishika. Sikupuliza mpaka baba mkwe wangu alipowekwa ndani ya lori.