Yeye Mapambano ya Kujipima, Mimi Ndoo

Bango lake lilibandikwa kwenye nguzo inayotazamana na meza yangu ya dagaa, sokoni Kibondo. Sijui nani alichagua nguzo ile, lakini ningemjua ningekuwa na neno naye. Tangu asubuhi mpaka nafunika meza nilikuwa natazamana na mdogo wangu wa mazoezini, ngumi mbele, meno yote nje, na miguuni vile viatu vyekundu vya kamba ndefu ambavyo tajiri wetu alimwagizia Dar es Salaam. Wateja walinunua dagaa kwangu huku wakiniuliza habari zake. "Si mnafanya naye mazoezi? Yukoje huyo binti?" Nilijibu yuko salama, na mkono wangu ukawa mwepesi kidogo kwenye kipimo.

Mdogo wangu namwita kwa ajili ya umri tu, hatuna undugu. Tulikuwa wanawake wawili pekee kwenye kundi la ngumi la pale mjini, tukifanya mazoezi ndani ya ghala la zamani la tumbaku ambalo jua likiwaka bado linanukia tumbaku. Mimi ndiye niliyetangulia. Pua yangu ilishavunjika na kupona wakati yeye hajui hata kufunga bandeji mkononi. Kwa hiyo tajiri, mfanyabiashara wa Kasulu mwenye duka la mabati na saruji, aliposema anataka kuandaa pambano kubwa la wanawake, ataleta bondia kutoka Bujumbura na upande wetu atasimama mmoja, sikujiuliza mara mbili. Nilikwenda kusuka kabisa.

Kocha akamchagua yeye. Eti anapendwa na watu.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe unajua ngumi, dada yangu, sikatai. Ila unapigana kwa hasira."

Nilimuuliza kwani ngumi hupigwa kwa nini. Akacheka, akaenda kumfunga mwenzangu bandeji kwa mikono yake mwenyewe, kidole kwa kidole. Mimi nilifunga zangu kwa meno, kama siku zote.

Halafu wakaanza kumwandaa. Kocha alisema haiwezekani mtu atolewe ghalani akatupwe kwenye pambano kubwa. Apate kwanza mapambano ya kujipima, madogo madogo, huko vijijini, na wapinzani wasiotisha, azoee kengele na macho ya watu. Bondia anajengwa kwa kushinda, alisema, na tajiri akatikisa kichwa kukubali. Mimi ambaye kupata mpinzani ilikuwa kama kutafuta mvua ya kiangazi, nikapewa kazi mbili. Ya kwanza, nicheze naye mazoezini, tena polepole nisimuumize. Ya pili, nibebe ndoo.

Pambano la kwanza lilifanyika Kitahana, kwenye uwanja wa shule, kamba zimezungushwa kwenye miti iliyochimbiwa ardhini. Mpinzani alikuwa golikipa wa timu ya wasichana, mkulima, mabega ya kubeba gunia. Nilipomwona moyo wangu ulichanua. Nikasema leo huyu mrembo wetu atajua.

Lakini tulifika kama wageni, na Waha tunajijua kwa wageni. Kabla ya ngumi tulipelekwa nyumbani kwa yule golikipa. Ugali wa muhogo ulikuwa tayari, na maharage, na jogoo aliyekuwa anawika asubuhi ileile. Mpinzani mwenyewe ndiye aliyeshika birika akamnawisha mikono mdogo wangu, amepiga goti moja, macho chini. Mgeni akawa wa kwanza kunawa, wa kwanza kula, akapewa kiti chenye mgongo. Mama wa nyumba akawa anampigia makofi ya heshima na kumwitikia "ego, ego", yaani ndiyo, kwa kila alichosema.

Tukarudi uwanjani, kengele ikagongwa. Golikipa alitoka kwenye kona yake, akanyanyua mikono, akasimama. Nikadhani anapima. Kumbe anamsubiri mgeni aanze! Mdogo wangu akatabasamu, akajiweka sawa bila haraka, akampiga ya kwanza mwanana ya shavuni. Hapo ndipo mwenyeji naye akaanza kurusha zake, lakini zilikuwa ngumi za mtu aliyekunawisha mikono saa moja iliyopita. Kila raundi ilikuwa hivyohivyo, mgeni anaanza. Alishinda kwa pointi nyingi, akapewa na kuku wa kuondoka naye. Kuku nilimbeba mimi, pamoja na ndoo.

Karibu na Kabanga ilikuwa vilevile, isipokuwa huko mpinzani alijisahau akampiga moja nzuri ya mdomo. Akasimama palepale katikati ya ulingo akasema kwa sauti, "Pole, dada." Watu wakacheka, kocha akacheka, mdogo wangu akampigapiga begani kumwambia hamna shida. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika taulo nikiwaza kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia pole kwa ngumi, hata huyo aliyenivunja pua.

Tulipokuwa njiani kurudi nikamwambia kocha, "Huyu hafundishwi kupigana. Anafundishwa kusubiriwa."

"Huo ni wivu," akanijibu.

Ulikuwa wivu, wala sikubisha. Lakini wivu huohuo ndio ulionifanya nimtazame miguu, mabega na macho wakati kocha anatazama makofi ya watu. Niliona anavyotoka kwenye kona siku hizi, anatembea kama bibi harusi, mikono inapanda ikiwa imechelewa. Hata ghalani alianza kunifanyia hivyo. Anakuja katikati, anajitengeneza, anategemea nimngoje, na mimi niliyeambiwa nisimuumize nikawa namngoja kweli.

Siku ya Kasulu uwanja ulijaa. Kulikuwa na ulingo wa kweli wa mbao, taa, muziki, na tajiri amevaa kanzu nyeupe na koti, anapeana mikono na kila mtu. Bondia wa Bujumbura alikuwa mfupi, mkimya, hana hata viatu vya maana. Hakuna aliyekula naye. Nilisimama kwenye kona na ndoo yangu, karibu kabisa, nikiona kila kitu ambacho kilipaswa kuwa changu: jina likitajwa kwenye kipaza sauti, refa akikagua glavu, hata ule ukimya unaokuja kabla ya kengele.

Kengele ikalia. Mdogo wangu akatoka na mwendo wake wa bibi harusi. Akafika katikati, akatabasamu, akaanza kunyanyua mikono.

Ngumi ya kulia ilimkuta mikono ikiwa bado kifuani. Alikaa chini, miguu mbele, viatu vyekundu vikitazama juu, na uso wake haukuwa wa maumivu. Ulikuwa uso wa mtu aliyetukanwa ugenini. Na mimi nilifurahi. Furaha ilinipanda toka tumboni mpaka maji ya ndoo yakanimwagikia miguuni.

Ila akanyanyuka. Refa alikuwa bado anahesabu, yeye huyo amesimama, anafuta glavu kwenye kaptula, na watu wote wale wanampigia kelele. Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kuharibika. Mimi nikiangushwa mbele ya watu huwa naona aibu kuliko maumivu, nanyanyuka kwa papara napigwa tena. Yeye hakuona aibu. Alishazoea kutazamwa. Huko Kitahana na Kabanga walimdanganya kuhusu ngumi, lakini kuhusu macho ya watu hawakumdanganya, na hicho ni kitu ambacho mimi sikuwahi kupewa nafasi ya kujifunza.

Raundi ilipoisha alikuja kukaa kwenye kigoda, mdomo umevimba. Kocha akaanza kumwaga maelekezo, kushoto, kulia, pumua, zunguka. Hakuwa anamsikia. Alinitazama mimi niliyekuwa namwagia maji shingoni.

"Dada, hakunisubiri."

"Nani alikwambia watu wanasubiriana?" nikamwambia. "Toka na mikono juu. Kengele ikilia tu, mpige."

Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu nilikuwa najua jibu na nimechoka kukaa nalo peke yangu. Alitoka akapiga kabla ya kupigwa, na kuanzia hapo likawa pambano. Alitumia ile namna yangu ya kuinama na kuibukia ubavuni, ambayo ameila kwangu mara nyingi ghalani mpaka ikamwingia mwilini. Niliiona pale juu, chini ya taa, ikishangiliwa, nikajisikia kama mtu anayeona kanga yake imevaliwa na mwingine. Alishindwa kwa pointi. Hata hivyo watu walimbeba yeye, si aliyeshinda, na tajiri alitangaza hapohapo kwenye kipaza sauti kwamba pambano la marudiano litafanyika Bujumbura.

Yaani hata kushindwa kwake kulimzalia safari. Nilirudi Kibondo nikauza dagaa zangu sina hamu ya kumjibu mtu. Bango jipya lilikuja, kubwa kuliko la kwanza.

Akanijia sokoni mwenyewe, siku ya kazi ya kawaida, amevaa kandambili. Alinisalimia shikamoo, ingawa hatujaachana umri wa shikamoo, akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza kuwa kiti cha wateja.

"Kocha anataka nipate la kujipima kabla ya Bujumbura," akasema. "Wananitafutia mtu huko Kitahana tena. Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Huko wananipenda mno. Nimewaambia namtaka mtu asiyenipenda. Nimewaambia nakutaka wewe."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya dagaa, nikauacha humohumo. Pambano. Kengele, refa, jina langu kwenye kipaza sauti. Nilisubiri kitu hicho mpaka kikawa kidonda, na sasa kililetwa na yeye, amekikalia kwenye ndoo yangu. Damu ilinichemka, na bado nilikitaka.

"Na nikikupiga?" nikamuuliza. "Nikikushinda mbele ya watu wote, nani anakwenda Bujumbura?"

Hakuzunguka. Alinitazama, na ule mdomo wake ambao kovu lake lilikuwa halijafutika.

"Mimi, dada. Hata ukinishinda, anayekwenda ni mimi."

Nilifuta mikono kwenye kanga. Nikamuuliza pambano ni lini.