Akala Niliyoishuku

Jua la Lodwar lilikuwa likimchoma kila mtu, lakini mguu wangu wa kushoto ulikuwa baridi kama chupa ya soda. Safari yangu ndefu siku hizo ilikuwa kutoka kitandani hadi kivulini, na hata hiyo nilisimama njiani, shavu la mguu likiuma. Kisha kidole gumba kikapata kidonda kisichopona.

Nilimshuku fundi wa Kakuma aliyenikatia akala, viatu vya tairi. Nikawatangazia majirani kwamba ya kushoto ina sumu. Akala zangu hazikuwa na kushoto wala kulia, basi nikazibadilisha miguu wiki nzima, nikingoja mguu wa kulia nao upoe. Haukupoa.

Mke wangu akanikokota hadi zahanati. Nesi aliupapasa mguu akitafuta mapigo ya damu, kisha akanusa shati langu.

“Mzee, unavuta sigara ngapi kwa siku?”

“Sista, nimekuletea mguu, sikuleta mapafu.”

“Moshi unabana mishipa, damu haifiki huku chini. Ukiendelea kuvuta, hiki kidole kitakatwa.”

Maneno ya sigara nilikuwa nayasikia nyumbani kila siku. Nikamgeukia mke wangu. “Umempanga huyu?”

“Baba watoto, na huo ubaridi nimeupanga pia?”

Nikampa mke wangu pakiti ya sigara, na sikuvuta tena. Kidonda kilifunga baada ya miezi mingi. Kidole ninacho, ila Kakuma huwa napita mbali na kibanda cha yule fundi kwa aibu.