Ndoo ya Usipa kwa Wenye Hoteli

Sikulala pale. Nimekana jambo hili kwa miaka, mbele ya ndugu, majirani na jumuiya nzima ya mama yangu, na ningeendelea kukana kama mama asingekuwa mtu wa adabu.

Pale ni kwenye ile hoteli kubwa ya Dar es Salaam, yenye mlango unaozunguka na bawabu mwenye kofia ya kumshinda askofu. Nilikwenda kwenye semina. Waandaaji walitupa chai, kalamu na kiyoyozi. Malazi kila mtu alijitegemea. Mimi na shahada zangu mbili tulilala Mbagala nyumbani kwao rafiki yangu wa chuo, sebuleni, kwenye godoro la sponji, miguu chini ya meza ya televisheni.

Niliporudi Mbinga mama aliuliza, "Ulilala huko huko hotelini?" Nikasema ndiyo. Nilidhani jibu lingeishia jikoni.

Jumuiya iliposali kwetu niliombwa nisimulie. Historia ya hoteli niliijua vizuri, maana niliisoma ukutani nikiwa kwenye foleni ya choo: ilivyojengwa enzi za wakoloni, babu zetu wakiingia humo na mizigo ya wengine tu, ilivyokuwa mali ya umma, lifti ikapumzika, mwekezaji alivyoirudishia mazulia. Nikaeleza kahawa inavyonywewa kule kwenye vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea, na kwamba huenda ilitoka milimani kwetu. Wakulima wa kahawa walinisikiliza kwa makini, wakinywa chai. Kitanda nilikieleza kwa kirefu kuliko vyote. Mama akatoa kabatini kisabuni nilichomletea, nacho kilitoka choo kile kile. Kikazungushwa, kila mtu akanusa.

Mwaka huu mama alialikwa harusi Dar. Kabla ya safari alipanda basi hadi Mbamba Bay, akarudi na ndoo ya usipa, vile visamaki vya ziwani, vikavu vya kung'aa.

"Wa harusi?" nikauliza.

"Wa hoteli."

Kwetu mtoto akilala ugenini, mzazi akipata nafasi huenda kushukuru, na haendi mikono mitupu.

"Mama, hotelini watu wanalipa. Hawashukuriwi."

"Hospitali nako unalipa. Nesi humshukuru? Ulilala kwao, ukarudi mzima. Au walikutesa?"

"Hapana."

"Basi usinifanye nionekane sina shukrani."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikaifunga ndoo kwa kamba.

Siku tatu baadaye simu ikaita, nikiwa sokoni Mbinga.

"Nipo mapokezi," mama alisema. "Dada wa watu amekutafuta kwenye kompyuta mpaka amechoka. Hupo."

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Ulilala wapi?"

Nikamwambia. Mbagala, sebule, godoro, hata meza ya televisheni. Nikasikia kengele ya lifti, ile ile niliyoisifia.

"Huyo rafiki alikupikia?"

"Alinipikia."

"Miaka yote hii mama yake anatuonaje?" Akamgeukia mtu. "Samahani mwanangu, nirudishie ndoo yangu. Si ya kwenu." Kisha kwangu: "Haya, nielekeze Mbagala. Na jumuiya ikija, utasimulia na hilo godoro."