Pilau ya Bi Shufaa Mbele ya Kanuni za Washington

Kwa miaka kumi na tisa, Watanzania wa mtaa wa Hillbrow, Johannesburg, wakioa au wakifiwa, aliyeitwa jikoni alikuwa Bi Shufaa, mwanamke wa Tanga, mnene, mkali, mwenye sauti ya kufika ghorofa ya nane lifti ikiwa mbovu. Msaidizi wake alikuwa mmoja tu, Marthe wa Bukavu, aliyemenya gunia la vitunguu bila kutoa chozi.

Siku moja Bi Shufaa alipigiwa simu na Luqman, Mkenya wa Mombasa aliyefanya kazi Sandton, mtaa wa matajiri, kwenye ofisi ya Mmarekani mmoja. Kazi ya Mmarekani huyo ilikuwa kuwashawishi wakubwa wa Washington kwa niaba ya wengine. Safari hii alitumwa na wakulima wa machungwa wa Afrika Kusini, waliotaka machungwa yao yaingie Marekani bila ushuru. Wasaidizi watatu wa wabunge wa kule walikuwa ziarani Joburg, na wakulima walitaka kuwakirimu.

"Pilau ya watu sitini, Bi Shufaa. Ile ya harusi."

Siku ya karamu, saa tano asubuhi, sufuria zilikuwa zimeshafika Sandton. Mmarekani aliingia ukumbini, akanusa, akatabasamu, kisha akaona viti na sahani. Akasawijika.

Luqman alikuja jikoni anatoka jasho. "Mama, kuna tatizo. Wageni hawaruhusiwi kukaa."

"Wana majipu?"

"Ni kanuni. Zamani, enzi za kujenga reli, mtu akitaka kura Washington alimwandalia mbunge karamu ya nguvu. Wengine waliwavizia kwenye varanda za bunge. Baadaye washawishi hao wakaamriwa wajiandikishe serikalini. Wakajiandikisha, karamu zikaendelea. Juzi juzi mmoja akafungwa kwa rushwa, wananchi wakachachamaa, ikakatazwa kuwapa mlo wabunge na wasaidizi wao. Ila kitafunwa cha kudunga kwa kijiti cha meno, ukakila umesimama, hicho si mlo."

"Na nikila nimekaa?"

"Hapo ni kesi."

Marthe aliacha kisu, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Kumbe kule Amerika matako njo inaletaka rushwa!"

Bi Shufaa alitaka kufunika sufuria zake arudi Hillbrow. Lakini Luqman alikuwa karibu kulia, na huruma ikamshinda. Akaagiza mayai na chenga za mkate, wakaifinyanga ile pilau vidonge vidonge, wakaitosa kwenye mafuta. Mmarekani hakuthubutu kuiruhusu mpaka amwamshe wakili wake Washington, ambako kulikuwa alfajiri. Wakili aliuliza vidonge vina ukubwa gani.

"Kama mpira wa gofu."

"Vipunguzeni."

Wakavipunguza. Wageni walikula wima, wakulima wenye suti wakiwazunguka na vipeperushi, kila mmoja amepangiwa dakika mbili. Mgeni mzee kuliko wenzake alikula vidonge ishirini na kitu, kisha akachechemea hadi jikoni kuomba maji. Bi Shufaa aliliona goti lake lilivyovimba, akamsogezea kreti ya soda.

"Kaa, baba," alimwambia kwa Kiingereza chake cha Joburg, akampakulia pilau iliyobaki chini ya sufuria.

Mzee alikula sahani mbili. Alikaa nusu saa akisimulia habari za goti. Wakulima waliposikia kwamba yuko jikoni, wakaanza kuchungulia mlangoni. Mmoja alimnong'oneza Bi Shufaa, "Mama, mtajie machungwa." Mwingine alisukuma kipeperushi chini ya sahani.

"Aliye na njaa aingie," Bi Shufaa alisema. "Mwingine atoke." Wakatoka.

Wiki iliyofuata ikaja fomu kutoka kwa wakili: mgeni alikula nini, alikaa au alisimama, walizungumza sera gani? Mmarekani aliileta mwenyewe mpaka Hillbrow, akapanda ghorofa nane kwa miguu. Aliisifia chai, akayasifia mapazia, akamsifia hata paka wa jirani. Mwishowe akaomba iandikwe "kitafunwa" na suala la kukaa lisitajwe. Akadokeza kwamba ofisi yake inahitaji mshauri wa mambo ya Afrika. Bi Shufaa akatambua kwamba sasa anayeshawishiwa ni yeye. Alimwacha aendelee mpaka birika likaisha, maana jambo lenyewe lilikuwa tamu.

Kisha akachukua kalamu, akaandika: "Pilau. Sahani mbili. Alikaa. Tulizungumza goti."

Jibu la wakili lilikuja upesi, na Luqman alimsomea kwa furaha. Goti si sera. Kreti si kiti. Kwa hiyo, kisheria, hakuna mlo wowote uliotolewa siku ile.

"Hakuna mlo?" Bi Shufaa aliinuka. "Pilau yangu haikuwapo?"

"Kisheria tu, mama."

Watu walishawahi kumwambia chumvi imezidi, hata kwamba wali umeshika chini. Hili lilikuwa tusi jipya. Msimu wa machungwa ulipita, suala la ushuru likiwa bado linajadiliwa huko huko Washington. Luqman alipompigia tena kuhusu wageni wengine wanne, Bi Shufaa alimwambia kwamba mpishi hayupo, kisheria, na akakata simu. Luqman akaenda Fordsburg, mtaa wa Wahindi, kununua sambusa.